Kompyuta ya mezani inajizima yenyewe kila mara? Isake hivi kabla hujalipa mtu akuwekee Windows mpya

Hii shida huku kwetu imezidi. Uko Kondele, uko Kakamega, ukienda mpaka Nakuru ni hiyo hiyo: mtu amenunua kompyuta ya mezani, hizi Dell OptiPlex ama HP zilizotoka ofisi za Uingereza, imemfanyia kazi poa kabisa alafu siku moja inaanza kujizima katikati ya kazi. Ama haizimi moja kwa moja, inajiwasha upya tu kama imetumwa. Anaipeleka kwa fundi, fundi anaweka Windows mpya, analipwa, kompyuta inarudi nyumbani inakaa siku mbili tatu, kitu ni kile kile. Anapeleka kwa fundi wa pili, naye pia anaweka Windows mpya.

Si ati mafundi ni wabaya. Kwanza kuweka Windows ndio kazi rahisi ya kulipisha, na pili pale kwa duka kompyuta haizimi, juu soketi ni tofauti, chumba ni tofauti na hakuna mtu anaoga na shawa ya stima nyuma ya ukuta. Kwa hivyo hii shida lazima uisake wewe mwenyewe pale inapotokea, yaani nyumbani kwako. Utahitaji daftari, bisibisi ya nyota, brashi ya rangi ambayo haijawahi kutumika, raba ya penseli na flashi moja ambayo unaweza kuifuta yote.

KABLA YA KUSHIKA KITU

Toa kazi zako kwanza. Leo, si kesho. Kompyuta inayokatika ghafla inaweza kuharibu faili iliyokuwa inaandikwa, na kama mgonjwa ni diski basi kila ukiwasha unabahatisha. Picha, vyeti, CV, rekodi za chama, yote yahamie kwa flashi nyingine ama diski ya nje.

Alafu ile daftari. Kila ikizima andika saa, ulikuwa unafanya nini, kulikuwa na joto ama mvua, na nani mwingine alikuwa anatumia stima kwa nyumba. Inaonekana upuzi lakini fanya tu. Kama inazima saa moja jioni wakati ploti yote inapika na kuoga, hiyo inanuka stima. Kama ni saa nane mchana na wewe uko chini ya mabati bila siling'i, hiyo ni joto. Kama ni ovyo ovyo, hata saa saba usiku ukiandika barua tu, hapo fikiria RAM (vile vipande vya kumbukumbu ya kazi), pawasaplai (kile kisanduku cha ndani kinachogawa stima) ama madabodi (ile bodi kubwa inayounganisha kila kitu). Na kama ni ukifungua gemu ama video peke yake, angalia kadi ya picha na draiva yake, yaani ile programu inayofanya Windows iongee na kadi, lakini usisahau gemu pia inapandisha joto na kuvuta stima mingi, kwa hivyo usimhukumu draiva mapema.

Sheria ni moja tu na watu wengi wanaivunja: badilisha kitu kimoja, jaribu, andika, ndio uende kwa kingine. Ukibadilisha waya, ukasafisha feni na ukatoa RAM siku moja, ikipona hutajua nini kimeiponya na ikirudi uko pale pale.

ANGALIA INAKUFA AJE

Kuna tofauti kati ya kuzima kama mtu amechomoa waya, kujiwasha upya, kuganda skrini mausi isitembee, na kuleta skrini ya bluu. Shida ni kwamba Windows kwa kawaida imewekwa ijiwashe upya yenyewe baada ya skrini ya bluu, inapita haraka hata husomi, unadhani stima imekatika. Kwa hivyo izuie. Bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika sysdm.cpl, bonyeza Enter, ingia "Advanced", pale chini kwa "Startup and Recovery" bonyeza "Settings", alafu toa tiki kwa "Automatically restart". Kuanzia hapo ikikufa kwa sababu ya Windows ama draiva, skrini ya bluu itabaki pale mpaka uipige picha na simu.

Alafu soma kumbukumbu. Windows na R tena, andika eventvwr.msc, fungua "Windows Logs", kisha "System". Tafuta alama nyekundu ya "Kernel-Power" namba 41 kwa saa ile uliandika kwa daftari. Watu wakiona 41 wanakimbia kutafuta dawa ya 41, lakini 41 haisemi nini kimeua, inasema tu kompyuta ilienda bila kuaga. Maneno iko ndani: bonyeza "Details" uangalie "BugcheckCode". Ikiwa ni 0, mara nyingi Windows haikupata hata nafasi ya kuandika sababu, yaani stima ilikatika, joto liliizima, ama vifaa viliganda kabisa. Ikiwa si 0, basi kulikuwa na skrini ya bluu na ile namba inakupa njia: 26 mara nyingi inaelekeza kwa RAM, 122 inaelekeza kwa diski ama waya wake, 278 ni kadi ya picha na draiva yake, 292 ni vifaa vyenyewe vimelalamika. Sisemi ni hukumu, nasema ni pa kuanzia.

Hapo hapo angalia kama kuna makosa mengine ya "disk" ama "WHEA-Logger" (hiyo ni vifaa vikilalamika) karibu na hiyo saa. Uandike.

STIMA

Hapa ndio nitakaa sana, juu kwa hizi nyumba zetu mshukiwa wa kwanza ni huyu, na ndiye watu wanamruka.

Stima yetu inafaa kuwa volti 240. Lakini pawasaplai nyingi za hizi kompyuta za ofisi zimeandikwa 100-240V, kwa hivyo stima ikiwa chini kidogo jioni yote kompyuta haijali sana. Kinachoiua ni ile kupepesa, ile sekunde kidogo taa inafifia alafu inarudi. Ndani ya pawasaplai kuna kapasita zinazoshikilia moto stima ikipotea, lakini kwa muda mfupi sana, pawasaplai ya ATX (aina ya kawaida ya kompyuta za mezani) ambayo haijachoka inatarajiwa kushikilia karibu milisekunde 16 tu ikiwa na mzigo wote. Sasa hizo kapasita zinazeeka na joto linazizeesha haraka zaidi. Ndio maana kompyuta ilikaa kwako vizuri kwa stima hii hii, mikatiko hii hii, alafu ghafla haiwezi. Stima haijabadilika, ni yenyewe imechoka kushikilia.

Anza na waya. Waya wa pawa wa skrini na wa lile sanduku kwa kawaida ni aina moja, badilishanisha uone. Ukitikisa kichwa cha waya nyuma ya sanduku na kompyuta inazima, umemaliza kazi, nenda ununue waya.

Waya ukiwa mzima, ondoa ekstensheni. Hizi ekstensheni za matundu sita ndani zina vibati vyembamba, vinalegea, vinachoma. Chomeka moja kwa moja ukutani na ukae siku kadhaa. Bado? Hamia soketi ya chumba kingine.

Kisha fanya jaribio la shawa. Washa kompyuta, fungua video icheze, alafu ambia mtu afungue shawa ya stima, baadaye aweke birika la stima, baadaye pasi. Hiyo shawa inavuta kilowati kadhaa mara moja na kama waya za nyumba ni nyembamba ama kuna mahali zimelegea, taa zitafifia na utaiona kompyuta ikianguka mbele ya macho yako. Ikianguka hapo, Windows mpya haitasaidia hata iwekwe na nani, hapo ni fundi wa stima akaze maungio na ikiwezekana atenge laini ya shawa. Mwambie pia apime athi, ule waya wa usalama unaoenda ardhini. Ukigusa chuma ya sanduku na inakutekenya vidole, athi haiko ama haifanyi kazi, na hiyo si ya kucheka, inaweza kuua mtu. Usifungue soketi wewe mwenyewe.

Kuna watu wametumia kile kifaa cha kulinda friji kulinda kompyuta. Wanamaanisha vizuri lakini kile kifaa kazi yake ni kukata stima ikishuka ama ikipanda, alafu kinangoja dakika kadhaa ndio kirudishe. Friji haina shida na hiyo. Kompyuta itakatwa kila stima ikishuka kidogo, hata pale ambapo yenyewe ingevumilia. Kama uko nacho kati ya ukuta na kompyuta, kitoe kwanza ujaribu bila.

UPS, kile kisanduku chenye betri cha kubeba kompyuta stima ikipotea, nayo ni rafiki mpaka betri yake ife. Betri nyingi za hizi UPS ndogo ni za volti 12, zinakaa miaka michache tu, na kwa joto la Kisumu zinazeeka mbio. Ikishakufa, stima ikipepesa UPS inajaribu kubeba, inashindwa, inaangusha kompyuta. Jaribu hivi: chomoa kompyuta, chomeka taa ya meza kwa UPS, alafu chomoa UPS ukutani. Taa ikizima hapo hapo ama baada ya sekunde chache, hiyo ni betri. Badilisha betri, si lazima ununue UPS nzima. Na printa ya leza usiichomeke upande wa betri, inavuta mzigo mkubwa kwa mshtuko mmoja.

Jaribio la mwisho la stima ndilo linakata maneno: beba sanduku uipeleke kwa rafiki wa mtaa mwingine, transfoma nyingine, iwake kule kwa zile saa ambazo kwako huwa inazima. Ikikaa sawa kule, kompyuta haina hatia kubwa. Ikizima hata kule, sasa tuingie ndani.

JOTO NA VUMBI

Zima, chomoa waya ukutani, bonyeza kile kitufe cha kuwasha kama sekunde kumi kumaliza moto uliobaki, ndio ufungue mfuniko. Ukiwa Nakuru utapata vumbi jepesi limejaa kila pembe. Ukiwa karibu na ziwa, Kisumu, Homa Bay, Mbita huko, utapata vumbi limechanganyika na wale wadudu wadogo wa ziwa wanaofuata taa usiku, wamekaukia kwa feni na kwa mapezi ya chuma juu ya prosesa (ile chipu inayofikiria) wakawa blanketi. Na mende pia wanapenda pawasaplai juu kuna joto, usishangae.

Shika feni kwa kidole isizunguke, alafu piga brashi taratibu na upulize kwa bloa ndogo. Usipeleke pale wanajaza upepo wa magari, ule upepo una nguvu zaidi na saa zingine unatoka na maji. Usipangushe madabodi na kitambaa chenye maji. Pawasaplai usiifungue kabisa, ndani yake kuna moto unaokaa hata baada ya kuchomoa, isafishe kwa nje tu kupitia matundu.

Ukimaliza washa kabla hujafunga na uangalie feni zote zinazunguka. Feni inayosuasua ama inayolia ni ya kubadilishwa. Kisha weka programu ya HWMonitor ama Core Temp usome joto la prosesa. Ukiwa umetulia tu, digrii 35 mpaka 50 ni kawaida, hata ikizidi kidogo mchana wa Kisumu. Ukiipa kazi ngumu ikae chini ya 85. Ikikimbia kwenda 95, 100, prosesa itajipunguza mwendo na mwishowe itajizima kujiokoa. Kama vumbi limeisha na bado inapanda hivyo, pesti iliyo kati ya prosesa na chuma yake imekauka. Toa ile ya zamani kwa spiriti safi na kitambaa kikavu kisicho na nyuzi, weka mpya kiasi cha punje ya mchele katikati, rudisha chuma na ukaze skrubu kwa kupokezana pembe na pembe.

HP za zamani za ofisi kama Compaq Elite 8200 na 8300 hata zinakuambia zenyewe: taa ya pawa ikipepesa nyekundu mara mbili na milio miwili ni joto la prosesa, mara nne ni pawasaplai imelemewa, mara tano ni RAM. Wengi wanafikiria ni kelele tu wanaizima.

JE, NI WINDOWS KWELI?

Kabla hujalipa mtu, fanya hili. Pakua Linux Mint, mfumo mwingine wa bure wa kuendesha kompyuta badala ya Windows, ni karibu giga 3, kama bando linakuuma nenda saiba. Iandike kwa flashi ukitumia programu ya Rufus, flashi itafutwa yote kwa hivyo usitumie ile yenye picha zako. Iweke, washa kompyuta ukibonyeza F12 kwa Dell ama F9 kwa HP, chagua flashi. Mint itafunguka kutoka kwa flashi bila kugusa diski yako, wewe usibonyeze mahali pa kuinstoli. Fungua video, fungua tabu nyingi, iache ifanye kazi kwa zile saa mbaya za daftari.

Ikizima hata hapo, Windows haina kosa, na yule wa kuweka Windows mpya unaweza kumwambia hivyo bila wasiwasi. Ikikaa sawa kabisa, washukiwa waliobaki ni Windows yenyewe, draiva, na diski, juu hapa diski ilikuwa imepumzika.

RAM

Kompyuta ikiwa imechomolewa, toa vipande vya RAM, sugua taratibu zile meno za dhahabu na raba ya penseli, pangusa unga wa raba, rudisha mpaka vibanio vilie. Hii kitu inaponya kompyuta mingi kuliko watu wanavyoamini, unyevu na vumbi vinafanya meno yashike uchafu.

Bado inasumbua? Andika Memtest86, programu ya kupima RAM, kwa flashi, iwashe nayo ulale, iwe inazunguka usiku mzima. Kosa hata moja jekundu halifai. Ukiona kosa bakisha kipande kimoja, jaribu, alafu kingine, alafu kile kizuri ukijaribu kwa kila tundu, juu saa zingine RAM ni nzima na tundu ndilo bovu.

DISKI

CrystalDiskInfo ni programu ya bure ya kuangalia afya ya diski, ifungue usome rangi. Ya njano ama nyekundu, hasa ukiona "Reallocated Sectors" ama "Current Pending Sector" ina namba inayoongezeka, nunua SSD (diski isiyo na sehemu zinazozunguka) uhamishe kazi, usianze kubembeleza. Ikiwa ni sawa lakini ulipata ile 122 ama makosa ya "disk", badilisha waya wa SATA, ule unaounganisha diski na madabodi, kwanza, ni kitu ya bei ndogo.

WINDOWS SASA

Kama ushahidi umeelekeza hapa, sawa. Fungua Command Prompt kama msimamizi, andika DISM /Online /Cleanup-Image /RestoreHealth, hiyo inatumia intaneti, ikiisha andika sfc /scannow. Draiva ya kadi ya picha itoe kwa Dell, HP ama kwa mtengenezaji wa kadi, achana na zile programu zinazosema zitakutafutia draiva zote, nyingi zinakuja na takataka. Na kama bado uko Windows 10, Microsoft iliacha kuipa masasisho ya kawaida tarehe 14 Oktoba 2025, kwa hivyo ukifika mahali pa kuweka upya fikiria kama mashine yako inakubali 11, ama ubaki na ile Mint.

Saa ya kompyuta ikirudi miaka ya nyuma kila ukichomoa, ni ile betri ya kidonge CR2032 kwa madabodi. Badilisha. Peke yake mara chache ndiyo inayozimisha kompyuta.

PAWASAPLAI NA MADABODI

Ukifika hapa umebaki na wawili. OptiPlex nyingi zina kitufe kidogo na taa nyuma kwa pawasaplai: kompyuta ikiwa imezimwa lakini imechomekwa, bonyeza, taa ya kijani ikiwaka inaonyesha iko hai. Lakini kuwa hai si kusema inaweza kubeba mzigo, kwa hivyo jaribio la kweli ni kuazima nyingine nzima. Hapa angalia sana: OptiPlex 3020, 7020 na 9020, na HP EliteDesk 800 G1, plagi ya pawasaplai kwa madabodi si ile ya kawaida ya pini 24. Ukinunua pawasaplai yoyote ya dukani haitaingia bila adapta, kwa hivyo nenda na ile yako mkononi ulinganishe.

Kwa madabodi mulika tochi uangalie zile kapasita za mviringo. Kichwa kinafaa kuwa bapa. Iliyovimba ama iliyotoa maji ya kahawia imekufa, fundi wa solda anaweza kubadilisha.

Ukienda kwa fundi sasa nenda na daftari na picha. Usimwambie "inazima", mwambie inazima hata kwa Linux, hata kwa mtaa mwingine, Memtest imepita, joto liko 60, naomba tujaribu pawasaplai. Hapo mazungumzo yanabadilika. Piga picha stika za RAM na diski mbele yake kabla hujaacha mashine, na kifaa kikibadilishwa omba kile cha zamani urudi nacho.

Na ikiwa ni madabodi imekufa, mara nyingi ni afadhali utafute sanduku lingine lililotumika uhamishie diski yako kuliko kununua madabodi peke yake. Uliza kwanza kama ni ya DDR3 ama DDR4, hivi ni vizazi tofauti vya RAM, juu RAM yako ya DDR3 haitaingia kwa tundu la DDR4 hata ukiisukuma, na ukiilazimisha utavunja tundu.